Kumaliza Kuandika, na Kufikisha Maandiko kwa Watu



Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya kuandika mambo ya kweli: historia ya kilima, desturi za ukoo, kazi ya mikono, maisha ya mtu aliyefanya jambo lenye maana. Sisemi habari ya hadithi za kubuni wala mashairi. Hayo yana walimu wake. Nasema habari ya maandiko ambayo mtu akiyasoma hupata kujua jambo lililokuwapo au lililopo.

Kazi hii huanzwa na wengi, humalizwa na wachache. Katika nyumba nyingi za watu waliosoma liko daftari moja lenye kurasa kumi na tano zilizojaa, na zilizobaki ni nyeupe. Mwenye daftari si mvivu. Ni mwalimu, au muuguzi, au karani, au padri, au mfanya biashara. Kutwa yu kazini, na jioni ana watoto, mgonjwa wa kumtazama na mkutano wa ushirika. Tena hata miongoni mwa wale wamalizao, wako ambao vitabu vyao vimelala katika sanduku chini ya kitanda. Basi somo letu lina sehemu mbili: namna ya kumaliza, na namna ya kufikisha. Kwanza tutazame hasara, kisha mifano ya watu, kisha njia yenyewe.

I. HASARA YA KISICHOMALIZWA

Mnaujua mto wetu Sebeya. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini ya nchi, mto ukafurika, ukaingia majumbani na shuleni hapa Nyundo. Katika Rwanda watu zaidi ya 130 walikufa kwa mafuriko na maporomoko ya usiku ule. Mbele ya msiba kama huo mtu haoni vema kutaja karatasi. Walakini nitataja, maana ni sehemu ya somo. Jirani yangu mmoja, mwalimu aliyestaafu, alikuwa na madaftari manne ya historia ya kilima chake, aliyoyaandika kwa miaka mingi. Alikuwa akingoja kukamilisha orodha ya machifu wasaidizi ndipo aanze kuandika kitabu. Maji yaliyachukua yote manne. Yeye aliokoka na watu wake, akamshukuru Mungu. Lakini wazee waliompa habari zile wengi wamekwisha kufa, na hakuna wa kumwendea tena.

Iko hasara kubwa kuliko hiyo. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mwaka 1994, watu wengi waliuawa katika nchi yote, na hapa Nyundo pia, hata katika majengo ya kanisa walikokimbilia. Pamoja na watu wale yalizimika mambo waliyoyajua: majina ya mababu, nyimbo, mipaka ya mashamba ya zamani, dawa za majani, habari za ndoa na za maombolezo. Hakuna kitabu kiwezacho kumrudisha mtu. Lakini yale yaliyokuwa yamekwisha andikwa na kupigwa chapa kabla ya mwaka ule yalibaki, nasi twayasoma. Hii ndiyo sababu nasema kwamba kumaliza si jambo la sifa ya mwandishi. Ni deni kwa waliompa habari.

II. MTU WA NYUNDO ALIYEKUWA NA KAZI NYINGI

Mtu akiniambia hana nafasi ya kuandika, humtajia Askofu Aloys Bigirumwami. Alizaliwa Zaza mwaka 1904, akapewa upadri mwaka 1929, na mwaka 1952 akawekwa kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika nchi zilizotawaliwa na Ubelgiji. Makao yake yalikuwa hapa Nyundo. Jimbo lake lilikuwa kubwa, lilifuata pwani ya Kivu mpaka Cyangugu, ambako kulitengwa kuwa jimbo la peke yake mwaka 1981. Fikirini kazi za mtu huyo: parokia za kuzuru, shule, hospitali, mapadri, hesabu, barua. Tena zilikuwa siku za misukosuko mikubwa katika nchi.

Mtu huyu mwenye kazi zote hizo alikusanya desturi za Wanyarwanda. Katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 vilitoka vitabu vyake, mathalani kile cha imihango, imigenzo na imiziririzo, yaani ibada za jadi, desturi na miiko. Kile cha methali na vitendawili. Na kile cha imigani miremire, yaani ngano ndefu. Alipostaafu mwaka 1973 hakuiweka kalamu chini. Alikufa mwaka 1986.

Twajifunza nini kwake? Twajifunza mambo matatu.

La kwanza, hakutaka kuweka Rwanda nzima katika kitabu kimoja. Desturi zilikuwa na kitabu chake, methali chake, ngano chake. Kila kimoja kiliweza kuisha.

La pili, hakujifanya kisima cha maarifa yote. Kazi ya namna ile ni kazi ya mkusanyaji: watu husema, wengine huandika, mmoja hupanga. Mwenye kazi nyingi hana budi kujifunza kuomba msaada.

La tatu, hakungoja vitabu tu. Mwaka 1954 alianzisha gazeti dogo la watoto, Hobe. Jina lenyewe ni neno la kumkumbatia mtu na kumsalimu. Gazeti la watoto huingia nyumbani mikononi mwa mtoto, naye husoma kwa sauti, na mama anayepika husikia, na babu aliye nje husikia. Askofu aliijua njia ya kufikisha neno kwa watu kabla hajatoa vile vitabu vikubwa.

III. WENGINE WALIOANDIKA BAADA YA KAZI

Tusidhani hii ni habari ya Nyundo tu. Katika Tanganyika alikuwako Martin Kayamba, karani mkuu wa serikali huko Tanga. Mwaka 1931 alipelekwa London pamoja na wenzake kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Mwaka 1932 kitabu chake cha safari ile kilikuwa kimekwisha toka, kwa jina la Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Angalieni: safari moja, kitabu kimoja, na mwaka mmoja hivi baadaye kazi imekwisha. Hakuandika maisha yake yote tangu utoto. Aliandika alichokiona katika safari ile, kabla hakijapoa.

Mathias Mnyampala, Mgogo, alikuwa mwalimu, kisha akatumika serikalini na katika mahakama. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Mtu wa mahakamani husikia kila siku habari za urithi, mahari na mipaka ya mashamba. Yeye kazi yake haikuwa adui wa kuandika. Ilikuwa shamba la kuvunia. Nanyi mtakaokuwa wauguzi, maafisa wa kilimo, mafundi, kumbukeni jambo hili. Pengine kitabu mnachokitafuta mbali kimo katika kazi yenu ya kila siku.

Shaaban Robert tunamjua kwa mashairi, lakini aliandika pia insha, maisha yake mwenyewe, na wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja. Naye alikuwa karani wa serikali tangu ujana, tangu mwaka 1926. Alikufa mwaka 1962, na baadhi ya maandiko yake yalipigwa chapa baada ya hapo. Kufikirika kilitoka mwaka 1967. Maandiko yale yaliweza kutoka bila yeye kwa sababu yalikuwa yamekwisha andikwa mpaka mwisho. Hakuna mchapaji awezaye kupiga chapa kitabu kilichomo kichwani mwa marehemu.

IV. NJIA YA KUMALIZA

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Nitatumia mfano wa kijitabu changu mwenyewe, si kwa kujisifu, bali kwa kuwa ndicho nikijuacho tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni kijitabu cha kurasa 48 juu ya wavuvi wa sambaza katika ziwa Kivu, upande wa Gisenyi. Nilikiandika nikiwa na vipindi 26 kwa juma, madaftari ya kusahihisha, na zamu ya bweni.

1. Punguza ukubwa wa kazi.

Charles Darwin, Mwingereza mtaalamu wa viumbe, alikusanya mambo yake kwa miaka ishirini hivi. Mwaka 1856 alianza kuandika kitabu kikubwa mno. Mwezi wa Juni 1858 ilimfikia barua ya Alfred Russel Wallace, aliyekuwa mbali katika visiwa vya Asia, na ndani yake Darwin akaliona wazo lake mwenyewe limeandikwa na mkono wa mwingine. Ndipo alipokiweka kando kile kitabu kikubwa, akaandika kingine kifupi zaidi, kikatoka Novemba 1859. Hicho kifupi ndicho kilichojulikana dunia nzima. Kile kikubwa hakikuisha kamwe kama alivyokikusudia.

Nami nilipofikiri kuandika, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa historia ya ziwa Kivu. Nikaligawa: si ziwa, ila uvuvi, si uvuvi wote, ila sambaza, si ziwa lote, ila Gisenyi. Ukiweza kutaja kitabu chako kwa sentensi moja, bila neno "pia", utakimaliza. Ukisema "ni historia ya mkoa wetu, pia na desturi, pia na mawaidha kwa vijana", umekwisha anzisha vitabu vitatu, na hutamaliza hata kimoja.

2. Tafuta saa iliyo yako, na saa iliyo ya wale wakupao habari.

Watu husema, "Nitaandika nitakapopata nafasi." Nafasi haiji yenyewe, hutengwa. Mimi nilitenga dakika arobaini asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, siku nne za juma. Dakika arobaini hutoa nusu ukurasa. Nusu ukurasa mara nne ni kurasa mbili kwa juma. Hesabuni wenyewe: kwa majuma thelathini ni kurasa sitini. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini saa yangu peke yake haitoshi. Wavuvi wa sambaza hufanya kazi usiku. Huziunganisha mashua tatu kwa miti mirefu, huwasha taa juu ya maji, samaki huifuata nuru, kisha wavu huinuliwa kutoka chini. Zamani walitumia karabai, siku hizi taa za betri. Ukimfuata mvuvi asubuhi, amechoka, ataka kuuza na kulala. Niliona ya kuwa mbalamwezi ikiwa kamili, nuru ya taa haiwavuti samaki vema, na wengi hupumzika. Tena kila mwaka serikali husimamisha uvuvi kwa muda ili samaki wazaane. Basi nilifuata kalenda yao: nyakati za mbalamwezi na nyakati za kufungwa kwa ziwa nilikuwa pwani na daftari, nyakati za giza nilikuwa mezani nikiandika. Kila kazi ina msimu wake wa mapumziko. Mkulima anao, mfugaji anao, dereva wa lori anao. Mwandishi mwenye kazi nyingi na aujue.

3. Gawa kazi katika sehemu zinazoweza kusimama peke yake.

Padri Alexis Kagame, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Kinyamateka mwaka 1941, alitoa historia yake iitwayo Inganji Karinga katika sehemu mbili, ya kwanza mwaka 1943 na ya pili mwaka 1947. Sehemu ya kwanza ilikuwa imekwisha somwa na watu kabla ya pili kutoka. Nami niligawa kijitabu changu katika sura tano, na kila sura niliiandika kama insha ya gazeti. Kama ningaliugua baada ya sura ya tatu, tatu zile zingalisomeka. Daftari la mwalimu jirani yangu halikuwa hivyo. Lilikuwa majina na tarehe, na yeye peke yake ndiye aliyejua kuziunga.

4. Hakikisha mambo, lakini weka mpaka wa kutafuta.

Wavuvi vijana waliniambia ya kuwa sambaza wamo katika Kivu tangu Mungu alipoumba ziwa. Sivyo. Sambaza waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na uvuvi wa taa ulipata nguvu hapa Gisenyi baadaye, ulipoanza mradi wa FAO mwishoni mwa miaka ya 1970. Jambo hili liko katika vitabu vya wataalamu wa samaki, na wazee walikumbuka miaka ambayo samaki huyu hakuwako sokoni. Habari mbili zilipokubaliana, niliandika. Palipokuwa na habari moja tu, niliandika, "Mzee mmoja alisema". Palipokuwa hapana habari, nilinyamaza.

Walakini kutafuta kuna utamu wake, na utamu huo huua vitabu. Mtu hutafuta miaka kumi kwa kuogopa kuandika. Niliweka siku: baada ya Pasaka sitatafuta jambo jipya ila lile ambalo bila yake sura haisimami. Orodha ya machifu wasaidizi ingaliweza kungoja chapa ya pili.

5. Andika mwanzo baadaye.

Wengi hukwama katika ukurasa wa kwanza, maana wataka uwe mzuri kuliko kurasa zote. Anza na sura uijuayo sana. Mimi nilianza na namna ya kufunga miti ya mashua, kwa kuwa nilikuwa nimeiona kwa macho. Dibaji niliiandika mwisho, kwa siku moja.

6. Uwe na shahidi na siku ya mwisho.

Ahadi ya mtu kwa nafsi yake ni nyepesi. Nilimwambia mwalimu mwenzangu wa hesabu ya kuwa kila mwisho wa mwezi nitampa sura asome. Yeye si mtu wa fasihi, na hilo lilinifaa. Alikuwa akipiga mstari chini ya kila mahali asipoelewa, bila kusema neno lingine.

7. Weka nakala mahali pawili.

Baada ya mafuriko ya 2023 sina haja ya kueleza sana. Karatasi moja nyumbani, picha ya karatasi hiyo katika simu, na nakala nyingine kwa ndugu akaaye kilima kingine au katika barua pepe. Jambo hili halichukui dakika tano.

V. NJIA YA KUFIKISHA KWA WATU

Watu wengi wenye heshima huona haya kutangaza kitabu chao. Husema chema chajiuza. Methali hiyo ni ya kweli sokoni, ambako watu hupita na kuona. Kitabu kilichofungwa katika boksi hakipitiwi na mtu. Kukitangaza si kujisifu, ikiwa utasema habari za jambo lililomo ndani, si habari zako. Mimi sikusema kwa mtu yeyote, "Nimeandika kitabu." Nilisema, "Je, wajua sambaza walitoka wapi?" Akijibu, "Wamekuwako siku zote," mazungumzo yameanza.

Jambo la kwanza: anza na wenye habari. Kabla ya kupeleka kwa mpiga chapa, nilikwenda pwani wakati wa mbalamwezi, nikawasomea wavuvi sura moja moja. Walicheka, walisahihisha majina ya kamba na ya miti. Katika sura ya nne mzee mmoja aliyeacha kuvua kwa sababu ya macho aliinua mkono, akasema, "Mwalimu, umeandika tulivyovua. Hukuandika tulivyoogopa." Kisha akaeleza usiku mmoja wa upepo, miti ilivyokatika na mashua tatu zikaachana, na ni nani hakurudi. Watu wote walinyamaza. Wengine waliijua habari ile, lakini haikuwa imesemwa mbele ya watoto. Ilikuwa sura ya tano. Mzee huyo hajui kusoma. Nakala yake humsomea mjukuu. Nawaambia, kitabu kilichosomwa hivyo kabla ya kupigwa chapa kina wauzaji ishirini siku kinapotoka, wala hukuwalipa.

Jambo la pili: toa sehemu kwanza. Gazeti la shule kama hili, gazeti la parokia, ubao wa ushirika, redio ya mtaa, yote hupenda habari fupi iliyo tayari. Redio yapendeza kuliko yote kwa jambo la wavuvi, maana wavuvi huisikiliza wakishona nyavu. Usiombe wakutangaze, wapelekee habari ya dakika tano iliyo kamili, itakayowafaa wasikilizaji hata wasionunua kitabu.

Jambo la tatu: chagua siku. Mimi sikutoa kijitabu wakati ziwa limefungwa, ingawa kilikuwa tayari. Nilingoja juma lile ziwa lilipofunguliwa tena, ambapo mji mzima husema habari ya sambaza na bei yake. Mwenye kuandika juu ya kahawa na atoe wakati wa mavuno. Mwenye kuandika juu ya shule na atoe mwanzo wa mwaka. Watu wakiwa tayari wanalisema jambo, nusu ya kazi yako imefanywa.

Jambo la nne: nenda watu waliko. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda, watu hukutana na kusikia matangazo. Omba ruhusa, sema kwa dakika mbili, keti. Kanisani na msikitini kadhalika, kwa idhini ya wakubwa. Pwani wanakopima samaki. Katika vyama vya wanafunzi wa zamani, ambavyo vina watu Kigali, Goma na Nairobi.

Jambo la tano: fikiri juu ya lugha. Kijitabu changu ni cha Kinyarwanda, kwa kuwa wavuvi waliniambia kwa Kinyarwanda. Lakini mpaka wa Goma ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka Gisenyi, na ng'ambo ile wako wavuvi wa ziwa lile lile, samaki yule yule, na lugha ya soko ni Kiswahili. Kiswahili kiliwekwa katika lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017. Basi nilitia mwishoni kurasa sita za Kiswahili zenye muhtasari. Kurasa hizo sita ndizo zilizouza nakala nyingi ng'ambo.

Jambo la sita: hesabu. Wengi hushindwa hapa. Nilipiga chapa nakala 200 tu. Mchapaji alinionyesha ya kuwa nakala 1,000 zingekuwa rahisi zaidi kila moja. Ni kweli, lakini nakala 800 zisizouzwa ni ghali kuliko zote. Kisha niligawa gharama yote kwa 170, si kwa 200, maana nilijua 30 zitatolewa bure: kwa wavuvi walionipa habari, kwa maktaba za shule za jirani, kwa maktaba ya umma ya Kigali, na kwa wale watakaosema habari zake redioni. Anayegawa kwa 200 kisha akatoa 30 hulipa zile 30 mfukoni mwake, na mwakani hana fedha ya chapa ya pili. Kila nakala iliyotoka niliiandika katika daftari: nani, wapi, amelipa au bado. Rafiki anayesema "nitakulipa mwisho wa mwezi" huandikwa kama wengine.

Jambo la saba: usiache kitabu baada ya mwezi wa kwanza. Kitabu cha mambo ya kweli hakichakai upesi. Kila mwaka ziwa likifunguliwa, husoma tena ukurasa mmoja mbele ya darasa langu la kwanza, na kila mwaka yuko mtoto mmoja au wawili ambao baba zao ni wavuvi, nao hutaka nakala.

VI. MASWALI NA KAZI

Kwa wanafunzi:

1. Taja jambo moja la kweli ambalo mtu mmoja tu katika jamaa yako alijua vema. Ana umri gani?

2. Liandike jambo hilo kwa sentensi moja isiyo na neno "pia".

3. Mtu huyo hupumzika lini katika juma, katika mwezi, katika mwaka? Panga siku tatu za kumwendea.

4. Andika ukurasa mmoja, mrudie, umsomee kwa sauti. Andika pembeni maneno yote aliyoyasahihisha. Leta kurasa zote mbili, ya kwanza na iliyosahihishwa. Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili atachagua nne za kutia katika toleo lijalo.

Kwa ninyi wanafunzi wa zamani:

Mwenye daftari la kurasa kumi na tano asilitupe wala asilianze upya. Achague sura moja iliyo karibu kuisha, aimalize, atuletee. Kama hana mtu wa kumsomea, mimi nitakuwa shahidi wake: aandike jina lake na tarehe aliyoikubali, amkabidhi mhariri. Tarehe ikipita bila sura kufika, nitamwendea nyumbani kwake. Mwalimu jirani yangu amekwisha anza upya, kwa yale anayoyakumbuka na kwa msaada wa watoto wa wale wazee. Amekubali kutoa sura ya kwanza kabla ya mwisho wa muhula huu, nami nimekwisha andika tarehe yake.